Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: familia mpya na yule anayebaki nyumbani

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za siku. Karibuni sana mliojiunga mwaka huu, hii ndo taarifa yenu ya kwanza. Najua wengi mtaisoma kwenye treni mkitoka kazini kwaiyo sitazunguka sana, ila kuna sehemu moja ntakaa nayo kwa mda maana naamini ndo kazi kubwa ya chama chetu hapa Hamburg, Ujerumani, kwa sasa.

Nianze na yale ya kawaida. Tarehe 7 Julai tulifanya Siku ya Kiswahili Duniani, ile UNESCO waliyoipitisha 2021, pilau lilitosha, wanafunzi wanaosoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Hamburg walikuja wakakaa na wazee wetu na kuongea bila woga, nilifurahi sana. Iddi tulikula pamoja, Krismasi pia. Kwenye misiba tulichangiana, na nawashukuru haswa nyie mliotoa wakati na nyie wenyewe mlikuwa hamjakaa sawa. Mahesabu atayasoma mweka hazina siku ya mkutano, risiti zote zipo, mwenye swali aje nalo.

Sasa hili la familia mpya. Mwaka huu wametufikia watu wa Dar, Arusha, Tanga, Mombasa, Kisumu, na familia moja ya Bukavu. Karibu wote wamekuja kwasababu mmoja wao kapata kazi, nesi, mtu wa kompyuta, injinia. Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010 na baadhi wanakuja na matumaini kwamba urafiki huo utawapokea, ila huo ni wa serikali za miji, familia inayoshuka uwanja wa ndege na masanduku na mtoto anayelia usingizi inatukuta sisi.

Wiki za kwanza ni makaratasi. Ukishahamia kwenye nyumba una wiki 2 kujiandikisha makazi, ile Anmeldung, na bila ile karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha umehamia hawakuandikishi, kwaiyo kabla hujalipa dipoziti muulize kwanza kama atakupa hiyo karatasi. Wengi hawajui kwamba hapa Hamburg unaweza kwenda kituo chochote cha huduma mjini, sio lazima cha wilaya yako, ukikosa nafasi Altona tafuta Bergedorf au Harburg. Na jamani, jina kwenye sanduku la barua! Hapa posta haiangalii namba ya nyumba tu, inaangalia jina, kama halijabandikwa barua inarudi ilikotoka. Kuna familia ilikaa inasubiri namba ya kodi na kadi za bima, wakidhani ofisi ndo zinachelewa, nilipofika pale chini nikaona sanduku bado lina jina la mpangaji wa zamani. Tuliandika jina lao kwenye karatasi tukabandika na selotepu, barua zikaanza kuingia.

Ukishajiandikisha utaletewa pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna tv. Kila mwaka kuna mtu anaichana akidhani ni matapeli. Sio matapeli, lipeni. Posho ya watoto, Kindergeld, ilikuwa euro 255 kwa mtoto kwa mwezi mwaka huu, na ukichelewa kuomba wanakurudishia miezi 6 tu ya nyuma, kwaiyo msisubiri mpaka "tukitulia". Leseni ya udereva ya nyumbani inakubalika miezi 6, baada ya hapo ni mtihani wa maandishi na wa barabarani upya. Wa maandishi unaweza kuufanya kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu, Kiswahili bado.

Wanaojiandaa kuja, waambieni: vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa waje navyo vyenyewe, sio kopi, na kadi ya kliniki ya mtoto wasiiache kwa bibi. Sheria ya hapa tangu 2020 inataka uthibitisho wa chanjo ya surua kabla mtoto hajaingia Kita, yaani chekechea ya hapa, au shule, na mtoto aliyechanjwa vizuri kabisa nyumbani anaweza akaanza kuchomwa upya kisa kadi imebaki kwenye droo Kisumu.

Hayo yote yana jibu, ukimpata mtu anayejua yanaisha kwa simu moja. Lisilo na jibu la simu moja ni yule anayebaki nyumbani. Mwenye kazi ana mahali pa kwenda asubuhi, ana wenzake wa kazini, ana mtu wa kumuuliza hii barua inasemaje. Mwenza wake anabaki ghorofani na mtoto, hajui lugha, jirani akimsalimia kwenye ngazi anajibu kwa kichwa, na ikifika Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu na saa kumi jioni kiza kishaingia. Kule alikotoka alikuwa mwalimu, alikuwa na duka, watu walimwita jina lake barabarani. Nimekaa na akina mama kadhaa mwaka huu na wote wananiambia kitu kile kile, kwamba mume akirudi jioni kachoka hataki kuongea, na yeye kutwa nzima hajaongea na mtu mzima hata mmoja. Na sio akina mama tu, tuna kaka mmoja wa Mombasa mkewe ni nesi wa zamu, yeye ndo anapika na kupeleka watoto, na kwa mwanaume wa kwetu kulisema hilo mbele ya wenzake ni kazi kweli, ilibidi tutembee wawili mpaka mto Elbe ndo akafunguka.

Nataka mjue mambo mawili ambayo yanawafungulia njia hawa. La kwanza, mwenza aliyekuja kwa kibali cha kuungana na familia anaruhusiwa kufanya kazi tangu anapopata kibali chake, haombi ruhusa nyingine. Nashangaa bado watu wanaambiana kwamba mke haruhusiwi, na mtu anakaa mwaka mzima ndani kwa kusikia hivo. La pili ni kozi ya lugha ya serikali, kwa kawaida masaa 600 ya Kijerumani na 100 ya kujifunza nchi yenyewe, sheria zake na historia yake. Hiyo ndo inamtoa mtu nyumbani. Ila kozi nyingi ni asubuhi, na asubuhi mtoto akae na nani?

Hapo ndo tunarudi kwenye Kita. Hamburg mtoto yeyote kuanzia mwaka mmoja mpaka aanze shule ana haki ya masaa 5 kwa siku bure na chakula cha mchana ndani yake, unaomba vocha wilayani kwako alafu unatafuta Kita yenye nafasi, na huko kutafuta ndo kwenye jasho, unaandikisha sehemu nyingi na unapiga simu kila mara wasikusahau. Na ukipata, mtoto haachwi getini kama tulivozoea. Mzazi anakaa naye ndani siku za mwanzo, alafu anatoka dakika chache, kesho zaidi kidogo, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwenye kazi hawezi, kwaiyo anayekaa ni yule yule mwenza.

Nilimsindikiza dada mmoja wa Tanga, alikuwa mwalimu wa msingi kule, kumtafsiria. Walimu wakamwambia atoke dakika kumi. Tukasimama koridoni, yeye na koti lake limefungwa vifungo vyote, anaangalia ndoano za kutundikia nguo za watoto, kila ndoano ina picha, ya mwanae ilikuwa samaki. Ndani mtoto akaanza kulia, dada akashika kitasa, mwalimu akatufanyia ishara tusubiri. Alikuwepo mama mwingine pale koridoni, Mturuki, naye mwanae alikuwa mgeni, Kijerumani chao wote wawili cha kuokoteza, wakaanza kuonyeshana picha za watoto kwenye simu. Kilio kikanyamaza hata hatukujua saa ngapi. Hao wawili sasa wanapeleka watoto pamoja na wameanza kozi darasa moja. Ndo maana nasema Kita ni ya mzazi pia, msiichelewe kwa kuogopa mtoto atateseka.

Kwa wenye watoto wa shule nina neno moja. Shule hapa ni lazima kisheria, ukimtoa mtoto wiki moja kabla ya likizo kwasababu tiketi ya kwenda Nairobi au Dar ni rahisi unaweza kupigwa faini. Wasiojua Kijerumani wanaanzia darasa la maandalizi, na wanatoka humo haraka kuliko wazazi wanavotegemea. Baada ya hapo wanaanza kuwajibu kwa Kijerumani, na darasa letu la Kiswahili la Jumamosi lipo kwa ajili hiyo, linahitaji walimu wawili zaidi.

Suala la uraia naulizwa kila kikao. Ujerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, na mda wa kukaa umeshuka hadi miaka 5. Wakenya Katiba ya 2010 inawaruhusu pia. Sisi Watanzania sheria ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia mbili, kwaiyo ukichukua wa huku unaachia wa kule, na hilo kila mtu akae na familia yake aamue, sio jambo la kufuata mkumbo.

Mapendekezo yangu kwa mkutano ni haya. Kila familia mpya ipewe familia mwenyeji moja kwa miezi 6, sio ya kuipokea uwanja wa ndege tu. Wenyeji waongee na mwenza mwenyewe, wawe na namba yake na sio namba ya mwenye kazi peke yake, na waende naye sehemu, sokoni, kwa daktari wa watoto, maduka ya Kiafrika pale mtaa wa Steindamm akajue unga wa sembe unapatikana wapi. Pili, tuanze zamu ya kushika watoto asubuhi kwa wale wanaosubiri nafasi ya Kita ili waweze kuanza kozi. Tuna wastaafu wawili na akina dada wa zamu za usiku ambao wameshaniambia wako tayari siku moja moja, na ningependa chama kilipie nauli zao na vifaa vya kuchezea kutoka kwenye mfuko wa shughuli. Najua kuna watakaosema hela hiyo ni ya sherehe. Mimi msimamo wangu ni kwamba sherehe moja ipunguzwe, na ntaomba tupige kura juu ya hilo.

Nafasi za katibu na mratibu wa akina mama ziko wazi, fomu ziko kwa katibu anayemaliza mda wake. Wanaotaka kuwa familia mwenyeji waandike majina kwake pia kabla ya mkutano, waseme wanakaa mtaa gani na wana watoto wa umri gani ili tuwapangie watu wa karibu nao. Mkutano ni saa nane mchana ukumbi ule ule, watoto mje nao, chumba cha pembeni tumekikodi kwa ajili yao.