Nina laki tisa, ninunue chensoo ipi ya kuanzia?

Mshauri, salaam.

Mimi ni mkulima wa Njombe. Nina shamba la misindano (mipaini) niliyopanda mwaka 2013, mstari wa milingoti (mikaratusi) kando ya korongo, miwati ya kuni, na miparachichi ambayo bado michanga. Mpaka sasa nikitaka kuangusha mti naita kijana mwenye mashine. Bei yake haina shida, shida ni kumpata. Kiangazi kila mtu anapunguza miti yake na mimi nabaki kwenye foleni. Nimeamua kununua yangu, na nimetenga laki tisa. Hizo ni za mashine na kila kinachoendana nayo, maana nyuma yake hakuna nyingine.

Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kupunguza misindano, ambayo mingi haijavuka unene wa sentimita 25, na kukatakata miwati ya kuni. Halafu kuna ile milingoti. Michache imefika sentimita 50 shinani, na mmoja umeinamia zizi la jirani.

Hapo ndipo shemeji yangu anapoingilia. Yeye anasema mwanaume hanunui mashine ya kukatia matawi, nichukue kubwa ya cc 72 iliyotumika, tutapasulia na mbao. Ipo moja inauzwa laki nane. Nilikwenda kuiona na fundi wa pikipiki ninayemwamini. Alifungua ekzosti, akamulika na simu ndani ya tundu la silinda, akaniita nichungulie: pistoni ina michirizi ya wima kama imekwaruzwa na paka. Akasema hii imewahi kukimbizwa kwa petroli isiyo na oili ya kutosha. Muuzaji aliendelea kusisitiza kwamba inawaka kwa mvuto mmoja, na kweli iliwaka. Lakini ina uzito wa karibu kilo saba kabla hujaweka mafuta wala kile chuma kirefu cha mbele kinachozungukwa na cheni, na mimi sijawahi kushika chensoo maishani. Habari ya mbao sioni maana yake, dingidongi, zile mashine za kupasulia mbao, zimejaa huku na zinapasua vizuri kuliko mkono wa shemeji.

Ya pili ni ya Kichina, mpya, imeandikwa 58 ubavuni, laki tatu na nusu pamoja na cheni ya akiba. Fundi anayo moja mezani kwake imefunguliwa. Alipima silinda milimita 45.2, mwendo wa pistoni milimita 34, tukapiga hesabu ikatoka cc 54 na ushee. Kwa bei ile nisingegombana kwa cc tatu na ushee. Kilichonitia wasiwasi ni breki. Dukani nilimwomba muuzaji asukume ile kinga ya mbele ya mkono, tuone kama cheni inakamata. Cheni iliendelea kuzunguka ukiivuta kwa mkono. Akanijibu, "Kaka, hiyo ni ya urembo tu." Nimesoma vya kutosha kujua kwamba ncha ikigusa gogo mashine inaweza kuruka kuelekea usoni, na hiyo breki ndiyo kinga yako. Faida yake kubwa ni spea: kabureta, plagi, kamba, vyote vinapatikana mpaka kwenye duka la pembejeo.

Ya tatu ni Stihl MS 180, mpya, cc 31.8, chuma cha sentimita 35, nimetajiwa laki nane na nusu. Ni nyepesi, breki inakamata kwa kishindo, na inatumia mililita 20 za oili yake kwa lita ya petroli, wakati ile ya Kichina inataka 40. Moyo wangu uko hapa. Ila nikiinunua nabaki na elfu hamsini, ambayo inatoka kwenye tupa ya milimita 4, oili ya cheni, na miwani. Suruali ya kinga siigusi. Mama watoto ameshasema bila suruali hiyo mashine hailali ndani ya nyumba yake, na katika hili siwezi kumpinga. Za betri niliziangalia nikaziacha, betri peke yake inakula nusu ya bajeti.

Sasa naomba unisaidie. Je, mashine ya cc 31 itamudu mlingoti wa sentimita 50 nikiukata kwa kuuzunguka, au nitaiua mwaka wa kwanza? Au ule wa zizini nimwachie kijana, nichague mashine kwa kazi za kila wiki tu? Kama ungekuwa mimi, ungechukua ya Kichina, ukaibadilishia mkanda wa breki, na chenji ukanunua suruali na buti? Je, mkanda huo ukibadilishwa unakamata kweli, au kasoro iko kwenye mashine nzima? Au nisubiri nivune viazi niongezee, nichukue ya cc 45?

Mambo ya kibali na hati ya kusafirishia mazao ya misitu nayajua, hayo usihangaike nayo. Naomba pia jibu linalohusu oili chafu ya gari: huku wote wanaimwagia cheni, na fundi wangu peke yake ndiye anayekataa.

Mkulima wa miti,
Njombe