Kwa vijana wetu wa Kihindu wa pwani: msione haya kutafuta mali

Wajukuu zangu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam,

Namaste. Nayasikia mabishano yenu kila tukitoka kwenye ibada, na yananikosesha usingizi. Wako wanaosema mcha Mungu hana budi kulipa kisogo duka na starehe, kwa kuwa la maana ni Moksha, yaani roho kukombolewa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Wengine wanajibu kwamba hayo ni ya wazee, ujana ni wa kuchuma. Mimi siungi mkono upande wowote.

Wahenga wetu walitaja malengo manne ya maisha: Dharma (wajibu na uadilifu), Artha (mali na uwezo), Kama (raha na matamanio) na Moksha. Zamani yalitajwa matatu ya kwanza tu, la nne likaongezwa baadaye.

Mbishano wenyewe ni wa kale. Katika Mahabharata, utenzi wetu mkuu wa kale, vita vikubwa vya Kurukshetra vikiwa vimekwisha, mfalme Yudhishthira anawauliza wadogo zake wanne na Vidura, baba yao mdogo: kati ya hayo matatu, lipi kubwa? Vidura anasema Dharma. Arjuna anasema Artha, maana dunia ni mahali pa kazi, pa kilimo, biashara, ufugaji na ufundi, na bila mali hata wajibu hautimizwi. Nakula na Sahadeva wanataka mali ifungamane na Dharma. Ndipo Bhima anapoitetea Kama: asiye na hamu hatafuti chochote, si mali si Dharma. Hata watawa wanaoishi kwa majani na matunda wanasukumwa na hamu. Na wapo, anasema, wanaoingia baharini kwa hamu.

Hapo huwa nawakumbuka wazee wetu waliopanda majahazi Mandvi, kule Kutch, India, wakaletwa Unguja na upepo wa kaskazi. Hawakuja kutafuta utawa. Walitaka riziki, ndoa, watoto, nyumba ya mawe, na sioni aibu yoyote hapo. Katika Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 7, Bwana Krishna mwenyewe anasema yeye ndiye hamu iliyomo katika viumbe, ile isiyopingana na Dharma. Basi pendaneni, oaneni, chezeni garba, ngoma yetu ya duara, usiku kucha sikukuu ya Navaratri ikifika.

Yudhishthira, alipofika zamu yake, aliusifu ukombozi. Lakini hakukimbilia msituni. Alibaki akitawala, na ufalme aliuacha miaka 36 baada ya vita. Anayetaka kuacha kazi leo na kumwachia mama yake madeni, naye amtazame huyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni mali iliyoachana na Dharma. Mmeliona daftari jipya la hesabu usiku wa Diwali, sikukuu yetu ya taa, limewekwa wazi mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, kurasa bado nyeupe, swastika, alama yetu ya heri, imechorwa kwa unga mwekundu wa kunkumu, na maneno mawili yameandikwa ubavu kwa ubavu: Shubh na Labh, heri na faida. Faida haiandikwi peke yake.

Basi Diwali ijayo, kabla ya puja, yaani ibada, fungueni kwanza daftari la mwaka unaokwisha. Mfanyakazi ambaye mshahara wake mliuchelewesha, mlipeni siku hiyohiyo. Mteja aliyetozwa zaidi, mrudishieni chake. Na mizani ya dukani ipimwe upya, mchana, mbele ya wateja.

Mzee wenu