Barua kwa rafiki: ukuaji wa uchumi humfikia nani?

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe pamoja na wote walio nyumbani kwako. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, hasa ile sehemu uliyoandika kwamba takwimu za ukuaji wa uchumi ni habari za wakubwa, na kwamba maskini wa nchi inayoendelea hana anachokipata uchumi ukipanda wala anachokipoteza ukishuka. Nusu ya kauli hiyo siikubali hata kidogo, na nusu nyingine naikubali kwa sababu zilizo tofauti na zako, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Nianze na hilo la kupoteza. Uchumi unaposhuka, mwenye akiba huipunguza akiba yake, lakini asiyekuwa nayo hupunguza mlo, humtoa mtoto shuleni, au huuza kile kifaa alichokuwa akifanyia kazi, na akishakiuza hata uchumi ukirudi yeye harudi nao. Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha shughuli, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba watu wapatao milioni 70 walitumbukia katika umaskini uliokithiri kwa mwaka huo mmoja, ongezeko kubwa kuliko lolote la mwaka mmoja tangu vipimo vya dunia nzima vilipoanza mwaka 1990. Kama kweli maskini hawana wanachokipoteza, watu hao wote wametoka wapi?

Upande wa kupata nao una ushahidi mzito. Tangu China ilipoanza mageuzi yake mwaka 1978, watu wanaokaribia milioni 800 wametoka katika umaskini uliokithiri kwa kipimo cha Benki ya Dunia, na mimi sijui mpango wowote wa misaada, wa serikali yoyote au shirika lolote, uliowahi kuikaribia idadi hiyo. Ila naomba uangalie jinsi jambo hilo lilivyoanza, kwa maana hapo ndipo penye fundisho. Katika miaka ya mwanzo umaskini ulipungua kwa kasi kubwa vijijini, kabla viwanda vya kuuza nje havijatapakaa. Mashamba ya pamoja yaligawanywa kwa mikataba ya kaya, serikali ikapandisha bei iliyokuwa ikinunulia mazao, na mkulima akaruhusiwa kuuza mwenyewe kile kilichozidi. Ukuaji ulianzia mikononi mwa maskini wenyewe, kwa kazi waliyokuwa wakiifanya tayari, juu ya ardhi waliyokuwa wakiilima tayari. Vietnam ilipita njia inayofanana na hiyo baada ya mageuzi ya mwaka 1986: mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa maskini, na leo ni sehemu ndogo tu.

Sasa linganisha na Guinea ya Ikweta, ambayo mafuta yake yalianza kuchimbwa kwa wingi katikati ya miaka ya 1990. Pato la taifa lilipanda kwa kasi ambayo nchi chache duniani zimewahi kuiona, hata wastani wa kipato cha kila mtu ukawa miongoni mwa ya juu kabisa Afrika, ilhali wananchi wengi waliendelea kuishi bila maji safi wala huduma za afya za kuaminika. Uchimbaji wa mafuta baharini huhitaji mitambo ya mabilioni na wafanyakazi wachache wenye ujuzi wa pekee. Haununui mazao ya mkulima, wala haumwajiri kijana aliyemaliza shule ya msingi. Njia pekee ya fedha hizo kumfikia maskini ni hazina ya serikali, na hazina ikishikwa na wachache, hakuna njia ya pili. Botswana nayo ilitegemea madini. Ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, almasi zikagunduliwa mwaka uliofuata, na mapato yake yakajenga shule, barabara na zahanati. Hilo ni jambo la kuheshimiwa sana. Hata hivyo Botswana imebaki miongoni mwa nchi zenye tofauti kubwa zaidi za kipato duniani, kwa kuwa hazina yaweza kukusomesha na kukutibu, lakini mgodi wa almasi hauwezi kumwajiri kila aliyesoma.

Kwa hiyo mimi, ninapoambiwa kwamba uchumi wa nchi fulani umekua kwa asilimia 7, swali langu la kwanza ni hili: umekulia wapi? Maskini wana mali moja tu ya uhakika, nayo ni nguvu zao, na kwa walio wengi nguvu hizo ziko shambani au katika biashara ndogo zisizosajiliwa. Sekta wanayofanyia kazi isipokua, wastani wa taifa unaweza kupanda kila mwaka bila wao kuonja. Tanzania ni mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi uchumi wake ulikua kwa takriban asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka, lakini umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani sehemu ya watu wasioweza kumudu mahitaji ya lazima, ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 tu mwaka 2017/18, na kwa kuwa idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka kwa karibu asilimia 3 kila mwaka, hesabu ya watu maskini, kwa vichwa, iliongezeka. Ujenzi, mawasiliano na madini vilikwenda mbio. Kilimo, kilichobeba wengi wa maskini, kilikwenda polepole.

Najua utanikumbusha utafiti wa David Dollar na Aart Kraay wa Benki ya Dunia, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikusanya takwimu za nchi 92 na kuonyesha kwamba, kwa wastani, kipato cha moja ya tano ya watu walio maskini zaidi hukua kwa kiwango kilekile cha kipato cha wote. Wanaoushabikia ukuaji huutaja utafiti huo kana kwamba umemaliza mjadala. Mimi nauheshimu, lakini tuufanyie hesabu. Kaya yenye kipato cha 100 na kaya yenye kipato cha 10,000 zikikua zote kwa asilimia 5, ya kwanza imeongeza 5 na ya pili imeongeza 500. Kiwango ni kilekile, usawa wa maneno matupu. Tena huo ni wastani wa nchi nyingi, na ndani yake zimefichwa nchi ambazo maskini walisonga mbele kuliko wengine pamoja na nchi ambazo waliachwa kabisa. Jambo jingine ambalo wachumi wengi hukubaliana nalo ni kwamba ukuaji uleule hupunguza umaskini kidogo zaidi pale ambapo tofauti za kipato zilikuwa kubwa tangu mwanzo.

Bei nazo zina neno lao. Wakulima wadogo wengi hununua chakula kingi kuliko wanachouza, hivyo chakula kikipanda bei kuliko ujira, ukuaji ulioandikwa kwenye ripoti umeshaliwa sokoni. Na kuna kazi ambazo pato la taifa halizioni kabisa: mwanamke anayetembea saa nyingi kuchota maji, anayelea watoto na kuuguza wazee bila malipo. Bomba likifika karibu naye, saa alizookoa haziingii katika hesabu yoyote. Simon Kuznets, mmoja wa waasisi wa vipimo hivi, aliliambia Bunge la Marekani tangu mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kupimwa kwa pato lake pekee. Nashangaa jinsi onyo la fundi mwenyewe lilivyosahaulika na kipimo chake kikabaki.

Hata mstari wa umaskini wenyewe, yaani kile kiwango ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, unahitaji tahadhari. Mwezi Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa mtu kwa siku, na aliyeuvuka kwa senti chache huhesabiwa kuwa ameokoka, ingawa ugonjwa mmoja wa mtoto unaweza kumrudisha alikotoka. Ndiyo maana naona afadhali lile lengo la Umoja wa Mataifa la mwaka 2015, linalotaka hadi mwaka 2030 kipato cha asilimia 40 ya watu wa chini kikue kwa kasi kuliko wastani wa taifa. Ningependa kila serikali inapotangaza asilimia ya ukuaji wake, itangaze na asilimia hiyo ya pili palepale, katika hotuba ileile.

Uliniuliza mwishoni kama si afadhali kugawana kwanza na kukua baadaye. Kwa nchi ambayo wastani wake wenyewe uko karibu na mstari wa umaskini, kugawana kipato sawasawa kutamfanya kila mtu awe karibu na mstari huo, na mwaka unaofuata tutarudi palepale. Lakini kugawana mali ambazo kipato huzaliwa nazo ni jambo jingine. Korea Kusini na Taiwan ziliwagawia wakulima ardhi ya makabaila karibu na mwaka 1950, zikatilia mkazo shule, na viwanda vilipokuja vilikuta watu ambao tayari walikuwa na kitu mikononi na elimu kichwani. Hapo nakubaliana nawe: ardhi na elimu zitangulie, au angalau ziende sambamba na ukuaji. Brazili ilichelewa kufanya hivyo, ikalazimika kuziba pengo baadaye kwa kima cha chini cha mshahara kilichopandishwa na kwa ruzuku ya familia maskini iliyoanza mwaka 2003. Pengo lilipungua, ila halijafungwa.

Jambo moja bado linanisumbua, nalo ni maskini wa mijini, ambaye hana shamba la kugawiwa, na ambaye ukuaji wa mji humpandishia kodi ya chumba au humhamisha kabisa kupisha jengo jipya. Majibu niliyoyasoma hayaniridhishi. Wewe umelifuatilia suala la makazi kwa muda mrefu kuliko mimi, kwa hiyo nakuomba katika barua yako ijayo unieleze ungeanzia wapi: kwenye kodi ya ardhi, kwenye hati za umiliki, au kwenye usafiri utakaomwezesha kuishi mbali bila kupoteza kazi.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.