PrEP bila cheti cha daktari hapa California

Habari zenu ndugu zangu,

Wengi mmeniuliza pembeni kuhusu PrEP, dawa anazotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, basi najibu hapa tufaidike sote. Tangu ipite sheria ya SB 159 mwaka 2019, mfamasia aliyepata mafunzo anaruhusiwa kukupa dawa hizi za kinga ya VVU bila cheti cha daktari. Sharti la kwanza ni kipimo cha VVU cha ndani ya siku 7 kinachoonyesha huna maambukizi. Zamani ukomo ulikuwa dawa za siku 60. SB 339 ya 2024 imeufikisha siku 90, na zaidi kwa masharti.

Si kila duka la dawa linatoa huduma hii, kwa hiyo pigeni simu kwanza. Ukikuta foleni kaunta, omba mzungumze faragha.

Medi-Cal, bima ya serikali ya California kwa wenye kipato kidogo, inalipia PrEP, na bima nyingi za kazini hazipaswi kukutoza. Ukidaiwa hela, usigeuze kurudi nyumbani: mwombe mfamasia awapigie watu wa bima ukiwa hapo hapo. Inaniuma mtu kuacha kinga kwa kuogopa bili isiyomhusu.

Dada zangu, hii ni yenu pia. Asiye na bima kabisa aniandikie pembeni, nimwelekeze kliniki.