Bei ya kidonge kimoja inawapotosha wasafiri

Mhariri,

Wasafiri wengi huchagua dawa ya kukinga malaria kwa kulinganisha bei ya kidonge kimoja kimoja. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Uliza vitamezwa vingapi mpaka dozi iishe.

Chukua safari ya siku 7. Atovakwoni-proguanili huanzwa siku 2 kabla na kuendelea siku 7 baada ya kurudi: vidonge 16. Doksisaiklini ya miligramu 100 huanzwa vivyo hivyo, lakini humezwa siku 28 baada ya kurudi: jumla 37. Sababu iko kwenye ini, ambako vimelea vya malaria hukaa kwanza. Ya kwanza huua vimelea vikiwa bado humo. Doksisaiklini huvikamata vikishaingia kwenye damu, hivyo lazima ivisubiri vitoke vyote. Anayeiacha siku aliyofika nyumbani hajajikinga, hata kama hakukosa siku moja safarini. Kwa safari ya miezi, hata hivyo, doksisaiklini mara nyingi ndiyo nafuu.

Unafuu huo una masharti. Imeze kwa glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, maana kidonge kikikwama huunguza umio. Ngozi nayo huungua upesi juani. Wajawazito na watoto wadogo wasipewe.

Atovakwoni-proguanili imezwe na chakula chenye mafuta au maziwa. Tumbo likiwa tupu, kiasi kikubwa hakifyonzwi.

Meflokwini ni mara 1 kwa wiki, ila ianzwe angalau wiki 2 kabla. Aliyewahi kuugua kifafa au sonona asiiguse, hata akipewa bure.