Umma Party ilianzia bandarini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila ifikapo Januari. Makala za kumbukumbu ya Mapinduzi ya Zanzibar zinapofika kwa Umma Party, chama cha Abdulrahman Mohamed Babu, huandikwa kana kwamba wafuasi wake, walioitwa makomredi, walizuka usiku wa Januari 12, 1964 wakiwa na bunduki mkononi. Chama hicho kilizaliwa chini ya utawala wa Waingereza, na bila kuyatazama mazingira hayo hatuwezi kueleza kwa nini kikundi cha vijana kisichokuwa na mjumbe hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria kiliitia serikali hofu.

Kwa maoni yangu simulizi ingeanza Agosti 1948, wachukuzi wa bandari ya Unguja walipogoma kwa sababu ya ujira mdogo na ugumu wa maisha. Mgomo huo ulienea mjini hadi ukawa mgomo mkuu. Hata watumishi wa majumbani waliacha kazi. Serikali ya kikoloni, iliyozoea kuwagawa watu kwa asili zao, Waarabu huku, Wahindi kule na Waafrika mahali pengine, ilijikuta mbele ya watu waliounganishwa na kazi na mshahara. Babu mwenyewe, kabla ya kwenda Uingereza kusoma, alikuwa karani katika jumuiya ya wakulima wa karafuu, kwa hiyo uchumi wa zao hilo, na nani aliyefaidika nao, hakuusoma vitabuni tu.

Aliporudi mwaka 1957 akawa katibu mkuu wa Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party (ZNP), chama ambacho katika uchaguzi wa mwaka huo hakikupata kiti hata kimoja. Hapa ndipo waandishi wetu wanapopita haraka mno. Kazi ya kuyajenga matawi, kuwakusanya vijana, kuvisimamia vyama vya wafanyakazi vilivyoungana katika shirikisho la FPTU na kuwapeleka vijana Misri, Kuba na Uchina ilifanywa kwa kiasi kikubwa na mrengo wa kushoto ndani ya Hizbu. Waingereza waliuona uzito wa kazi hiyo: mwaka 1962 Babu alifungwa kwa kosa la uchochezi.

Alipotoka mwaka 1963, ugomvi juu ya uteuzi wa wagombea na mwelekeo wa chama ulimtoa katika Hizbu, akaunda Umma Party pamoja na wenzake, wakiwemo Ali Sultan Issa na Khamis Abdullah Ameir. Uchaguzi wa Julai mwaka huo uliipa Afro-Shirazi Party (ASP) zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, huku ZNP ikipata 12 na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 6, na hizo mbili zikaunda serikali pamoja. Katika hali hiyo, chama kilichowaita watu kwa tabaka lao, na kilichowaweka vijana wa asili ya Kiarabu, Kingazija na Kiafrika katika safu moja, kiligusa mahali ambapo vyama vikubwa havikuweza kugusa. Sisemi kwamba kilikuwa na nguvu kila mahali. Ngome yake ilikuwa mjini, na mashambani hakikuota mizizi ya kutosha. Hata hivyo, mapema Januari 1964, ikiwa haijatimiza hata mwezi tangu uhuru wa Desemba 10, serikali mpya ilikipiga marufuku na Babu akakimbilia Dar es Salaam.

Makomredi walio hai leo ni wazee sana. Nakuomba, Ndugu Mhariri, utume mwandishi akawahoji wao pamoja na wafanyakazi wa zamani wa bandarini, awaulize hasa jinsi matawi ya vyama vya wafanyakazi yalivyoendeshwa, ada ilikusanywa vipi na nani, na madarasa ya siasa yalifanyikia wapi.

Wako,
Msomaji, Unguja