Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliosoma Maisha ya Taha Hussein

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliagiza darsa zetu za mwezi zimfuate mwanazuoni mmoja tu mwaka mzima, na kamati ikamchagua Taha Hussein wa Misri. Hesabu atazisoma mhazini, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia darsa hizo, kwa sababu ndizo zilizozaa pendekezo tutakalolipigia kura leo.

Taha alizaliwa 1889 katika kijiji cha Misri ya Juu, akapofuka angali mdogo kwa ugonjwa wa macho uliotibiwa na kinyozi. Alihifadhi Qurani, akaingia Al-Azhar, chuo cha kale cha Kiislamu cha Cairo, 1902, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Misri kilichofunguliwa 1908. Mwaka 1914 chuo hicho kilimtunuku udaktari wake wa kwanza kabisa, kwa tasnifu juu ya al-Ma'arri, mshairi aliyekuwa kipofu vilevile.

Miaka ya Ufaransa ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu zaidi, na ilistahili. Ili apate shahada, Taha alilazimika kufaulu Kilatini, lugha ambayo Al-Azhar haikumfundisha. Akajifunza kwa nukta nundu, na palipokosekana vitabu vya nukta nundu alitegemea sauti za watu. Mmoja wao, Suzanne Bresseau, alimsomea fasihi ya Kifaransa, na mwaka 1917 wakaoana. Katika hali hiyo aliandika tasnifu ya Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, juu ya mwanahistoria Ibn Khaldun. Aliporejea Cairo 1919 alifundisha historia ya Wagiriki na Warumi wa kale, na 1921 akatoa kwa Kiarabu kitabu cha Aristotle juu ya utawala wa Athens.

Wengi wetu tulimjua kwa mzozo wa 1926 tu, aliposema kwamba sehemu kubwa ya mashairi yanayoitwa ya Jahiliya, yaani ya zama za kabla ya Uislamu, ilitungwa baada ya Uislamu. Darsa ile ilikuwa kali. Kwa maoni yangu alivuka mipaka ya ushahidi wake, lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Wasomi wa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, walikwisha kuuliza hivyohivyo juu ya mashairi yake, na yeye mwenyewe aliwalinganisha Waarabu na Wagiriki na Warumi. Asiyefika kwenye Kigiriki na Kilatini chake hawezi kuelewa alikolitoa swali lile.

Mwaka 1932 serikali ilimwondoa katika ukuu wa Kitivo cha Fasihi, baada ya yeye kukataa kuwapa wanasiasa udaktari wa heshima. Baadaye alirudi chuoni. Akiwa waziri wa elimu, 1950 hadi 1952, aliondoa ada za shule za sekondari, akisema elimu ni kama maji na hewa.

Sasa pendekezo. Wapo vijana wasioona wanaosoma Kiarabu na hawana vitabu vya sarufi wanavyoweza kuvitumia. Kamati inaomba sehemu ya akiba yetu inunue vifaa vya kurekodia, nasi tusome kwa zamu. Kila irabu ya mwisho wa neno itamkwe bila kumezwa, maana msikilizaji hana ukurasa wa kuhakikishia. Wenye Kilatini kati yetu ni wachache, hivyo vitakavyohitaji kusomwa kwa Kilatini tuwaachie wao tangu sasa. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu. Nimekwisha kuandika jina langu kwenye zamu ya Jumamosi asubuhi.